Simu inasema saa moja na nusu, mtoto anasafiri siku mbili

Andika Bukoba na Songwe kwenye simu na jibu linakuja kabla hujapepesa macho: kama kilomita 855, ndege saa moja na nusu hivi. Kwa mzazi wa Ngara au Biharamulo anayepanga kumpeleka mtoto mchanga kwa bibi yake Mbeya, jibu hilo linapendeza. Linaifanya Mbeya ionekane karibu kama Muleba.

Tatizo ni kwamba hakuna ndege ya abiria ya ratiba inayopita njia hiyo. Umbali unaoonyeshwa na simu umepimwa kwa mstari ulionyooka, kama kamba iliyovutwa kutoka uwanja mmoja hadi mwingine, na muda umepigwa kwa mwendo wa ndege kubwa ambayo haijawahi kuruka hapo. Abiria halisi anatoka Bukoba, mara nyingi anatua Mwanza, anakwenda Dar es Salaam, kisha anapanda nyingine kwenda Songwe. Kwa kamba ileile, Bukoba hadi Dar ni kama kilomita 1,020 na Dar hadi Songwe ni kama 690. Jumla 1,710. Ni mara mbili ya kile simu ilichosema, na hapo bado hajahesabiwa mtu anayeanzia Ngara.

Huyo wa Ngara ndiye mwenye kisa. Kutoka mjini Ngara hadi Songwe, kamba ina kilomita kama 765, pungufu kuliko kutoka Bukoba, maana Bukoba iko kaskazini. Ili kuifuata ndege anapanda basi, anapita Nyakahura, Biharamulo na Muleba, na nusu siku nzima anakuwa ameipa Mbeya mgongo.

Chukua mfano wa mwalimu wa shule ya msingi aliyepangiwa Ngara, mzaliwa wa Tukuyu. Amejifungua salama, mtoto ana wiki nne, na likizo ya uzazi ni siku 84. Mama yake anapiga simu: "Mwanangu, si mnapanda ndege? Mchana mtakuwa mmefika, nitawapikia." Mwalimu anajibu ndiyo mama, kwa sababu simu imemwambia hivyo hivyo.

Sasa tuhesabu mlango kwa mlango. Basi kutoka Ngara hadi Bukoba, nusu siku. Ndege ikiwa ya asubuhi, analala Bukoba. Bukoba hadi Mwanza ni kama dakika 45 hewani, Mwanza hadi Dar ni saa moja na robo hadi moja na nusu kwa ndege ya jeti. Hapo anasubiri, na kama ndege ya Songwe imeondoka asubuhi, analala tena. Dar hadi Songwe ni saa moja na nusu au karibu mbili, kutegemea aina ya ndege. Kutoka Songwe kuna barabara hadi Mbeya mjini, na kama kilomita 70 nyingine hadi Tukuyu. Mtoto huyo atakuwa njiani kwa karibu siku mbili, na ndani ya siku hizo atakuwa hewani kwa saa nne hivi. Zilizobaki zote ni basi, benchi na kitanda cha wageni.

Tofauti hiyo ina maana kiafya. Mtoto wa wiki nne hajui kilomita. Anajua kila baada ya saa mbili au tatu anataka kunyonya, na anajua joto na baridi. Mzazi aliyejiandaa kwa saa moja na nusu anabeba nepi tatu na nguo moja ya kubadili. Aliyejiandaa kwa siku mbili anabeba nyingine kabisa.

Ukweli ni kwamba ndege yenyewe ndiyo sehemu rahisi. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mchanga mwenye afya anaweza kusafiri kwa ndege saa 48 baada ya kuzaliwa, ingawa ni vema kusubiri afikishe siku saba. Kampuni za ndege zina masharti yao juu ya hapo, hivyo ulizia wakati wa kukata tiketi, siyo siku ya safari. Aliyezaliwa kabla ya wakati ni habari nyingine: huyo asipande bila daktari kumwona na kuridhika, hata kama sasa ananyonya vizuri na ameongezeka uzito.

Na kwa mama anayetaka kwenda kujifungulia nyumbani, kanuni ya kawaida ni hii: baada ya wiki 28 beba barua ya daktari au mkunga inayoonyesha tarehe ya matazamio, na baada ya wiki 36 usipande kabisa. Kwa mimba ya mapacha mwisho ni wiki 32. Hapa tena hesabu ya mlango kwa mlango inafanya kazi. Mjamzito wa wiki 35 anayesema "bado nina wiki moja" akumbuke kwamba kabla ya ndege kuna basi la nusu siku, na uchungu hauchagui kituo.

Masikio nayo yanastahili maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndiyo yanayowaliza watoto wengi. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba chenye hewa, kinachounganishwa na koo kwa mrija mwembamba. Ndege inaposhuka, mgandamizo wa hewa nje unaongezeka na ngoma inasukumwa ndani. Mtu mzima anameza mate au anapiga miayo, mrija unafunguka, basi. Mtoto mchanga hajui kufanya hivyo kwa makusudi, ila akinyonya anameza, na akimeza mrija unafunguka. Kwa hiyo mnyonyeshe ndege inapopaa, na zaidi inaposhuka. Kushuka huanza kama nusu saa kabla ya kutua, siyo pale magurudumu yanapotoka. Rubani au mhudumu akitangaza kwamba mnaanza kushuka, huo ndio wakati wa kumwamsha mtoto aliyelala na kumpa ziwa. Mama wengi humwacha alale kwa kumhurumia, kisha anaamka akipiga kelele dakika kumi kabla ya kutua.

Angalia tena njia ya mwalimu: Bukoba, Mwanza, Dar, Songwe. Kushuka mara tatu. Simu ilionyesha mara moja. Mtoto mwenye mafua makali au sikio linalouma, ambaye mrija wake umevimba, atapitia maumivu hayo mara tatu, na hiyo inatosha kuwa sababu ya kuomba kubadilishiwa tarehe.

Hapa ndipo ramani ya Kanda ya Ziwa ilipobadilika kwa faida ya wazazi. Juni 19, 2025, daraja la Kigongo–Busisi lilizinduliwa, lenye urefu wa kilomita 3 na ushei. Kabla ya hapo, anayetoka Biharamulo kwenda Mwanza kwa njia ya Bwanga, Geita na Sengerema alikuwa anafika Busisi na kusubiri kivuko, na kwenye foleni mbaya saa mbili zilikatika akiwa anatazama maji tu. Sasa anavuka kwa dakika chache. Kwa familia ya Biharamulo, na hata ya Ngara, kwenda moja kwa moja Mwanza kwa barabara na kupandia ndege hapo kunaondoa kutua mara moja, na Mwanza ina ndege nyingi zaidi kwa siku, hivyo ukikosa moja haujakwama kwa siku mbili. Upo pia uwanja wa Chato, mkoani Geita, ambao kwa mtu wa Biharamulo ni jirani kabisa. Chato yenyewe zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Biharamulo. Safari zake ni chache kuliko za Mwanza, kwa hiyo uliza ratiba ya wiki hiyo kabla hujajenga mpango juu yake.

Wapo wanaoikwepa Bukoba kwa hofu tu, na si ajabu. Kagera haijasahau Novemba 6, 2022, ndege iliyotoka Dar es Salaam ilipoangukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba na watu 19 kati ya 43 kufariki. Kinachoweza kusemwa kwa mzazi ni kwamba hali ya hewa ziwani ikiwa mbaya, ndege inaweza kuchelewa kuondoka au kwenda kutua Mwanza badala ya Bukoba. Usigombane na mhudumu kwa hilo. Jiandae kwa hilo: kwenye mkoba wa mkononi weka nepi, nguo na dawa za kutosha siku moja zaidi ya ulizopanga. Abiria wa Bukoba atataka kujaza mkoba huo senene wa zawadi. Waende kwenye mzigo mkubwa.

Ndani ya ndege, mtoto wa chini ya miaka miwili hukaa mapajani kwa mzazi. Omba mkanda mdogo wa mtoto, ule unaounganishwa na mkanda wako. Usimfunge ndani ya mkanda wako mwenyewe, wala usimfunge kwa mbeleko kisha ukapitisha mkanda juu yake. Ndege ikisimama ghafla, uzito wako wote unamwangukia. Hewa ya ndani ni kavu na mara nyingi ina baridi, hivyo shuka moja jepesi linahitajika hata kama Dar kunachemka. Na mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji, hata Dar, hata Machi. Joto likizidi, mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Mama ndiye anayetakiwa kunywa maji.

Barabarani ndiko kunakohitaji akili zaidi, na ndiko wazazi wanakojiandaa kidogo. Basi linalotoka Ngara alfajiri halina ratiba ya mtoto. Mwambie konda mapema, kwa heshima: "Kaka, nina mtoto mchanga, mkisimama kuchimba dawa nipe dakika tano za kumbadilisha." Makonda wengi ni baba za watu. Kaa upande usiopigwa na jua, mbali na mlango. Kwa mtoto aliyeanza kula, chakula cha njiani kiwe kilichotoka jikoni kikiwa cha moto au tunda la kumenya kama ndizi, siyo sambusa iliyokaa kwenye beseni tangu asubuhi. Mtoto akianza kuharisha pale Nyakanazi ana masaa mengi ya kupoteza maji kabla ya kufika penye kituo cha afya anachokijua mama. Pakiti mbili za ORS mkobani hazina uzito wowote.

Liko jambo moja ambalo linafanywa sana na halizungumzwi. Mzazi anampa mtoto dawa ya mafua au ya mzio, kama Piriton, ili alale njia nzima. Usifanye hivyo. Kwa watoto wadogo, hasa wa chini ya miaka miwili, dawa hizo zinaweza kulegeza upumuaji, na ndani ya basi lenye giza hakuna atakayegundua kwamba mtoto hapumui vizuri. Wote watasema amelala. Wengine zinawageuka, badala ya kusinzia wanahangaika na kulia usiku kucha. Mtoto kulia kwenye ndege ni aibu ya dakika ishirini. Abiria wa kiti cha mbele atasamehe.

Kuhusu homa, mtoto wa chini ya miezi mitatu akifika nyuzi joto 38 anatakiwa hospitali siku hiyo hiyo, na tiketi iahirishwe. Wapo wanaompa panadoli ili joto lishuke wapite uwanjani, hasa tangu Januari 2025 ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa Biharamulo na watu kuzoea kupimwa joto. Anayedanganywa hapo si mpimaji. Dawa itaisha nguvu mkiwa hewani au mkiwa Dar usiku, mji msioujua, na ugonjwa utakuwa umepata masaa sita ya bure.

Kwa mtoto ambaye tayari ni mgonjwa na anasafiri kwa ajili ya matibabu, swali la kwanza lisiwe ndege ni saa ngapi. Hewa ndani ya ndege inayoruka juu ni sawa na ya mlima wenye mita 1,800 hadi 2,400. Kwa mtoto mzima wa Ngara, aliyezaliwa kwenye milima inayokaribia mita 1,800, hilo si kitu; wa Dar ndiye mgeni. Lakini mwenye nimonia, mwenye tatizo la moyo, mwenye upungufu mkubwa wa damu, au mwenye selimundu aliyetoka juzi kwenye maumivu makali, oksijeni ile iliyopungua kidogo inaweza kuwa ndiyo iliyokuwa inamshikilia. Selimundu ni nyingi katika Kanda hii ya Ziwa, hivyo si jambo la watoto wachache. Vilevile mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa kifua au tumbo: hewa iliyobaki ndani hutanuka ndege inapopaa, na daktari ndiye wa kusema asubiri siku ngapi. Kampuni za ndege zina fomu ya daktari kwa abiria mgonjwa, na anayehitaji oksijeni lazima taarifa zitolewe mapema. Ukienda uwanjani bila fomu na mtoto anahema kwa shida, wana haki ya kumkataa, na watakuwa wamemsaidia.

Ndiyo maana rufaa nyingi za watoto kutoka Biharamulo na Ngara zinakwenda kwa gari la wagonjwa. Kuanzia Murgwanza au hospitali teule ya Biharamulo kuna Bukoba, kuna Hospitali ya Kanda Chato, kuna Bugando kule Mwanza ng'ambo ya daraja. Ndani ya gari hilo kuna muuguzi na mtungi wa oksijeni. Ndege, kwa mtoto aliyetulia mwenye miadi ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ni msaada mkubwa, inamwokoa na zaidi ya siku nzima ya basi. Kwa mtoto aliyezidiwa, saa moja na nusu ya kwenye simu ni mtego. Ukiongeza barabara ya kwenda uwanjani, kusubiri na kubadilisha ndege, gari la wagonjwa linakuwa limefika Bugando kabla yenu hamjaitwa kupanda.

Turudi kwenye kadi ya kliniki, ambayo kwenye safari hizi ndiyo hati muhimu kuliko zote ikifuatana na cheti cha kuzaliwa. Chanjo za mtoto ni wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Siku 84 za likizo ni wiki 12 kamili. Kwa mwalimu wetu maana yake ni kwamba wiki ya 6 na ya 10 zitamkuta mtoto Tukuyu, na ya 14 itamkuta amerudi Ngara. Kadi ya Ngara inapokelewa kliniki yoyote nchini, hakuna haja ya "kusubiri turudi kwetu", kauli ambayo inawaacha watoto bila kinga kwa miezi. Usiweke tu safari siku inayofuata chanjo. Mtoto anaweza kuchemka kidogo usiku ule, na utashindwa kujua kama ni chanjo au ni ugonjwa.

Kisha malaria. Kagera ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi, Mbeya ina kidogo. Vimelea vinaweza kukaa mwilini wiki moja, mbili au zaidi kabla ya homa kuanza, kwa hiyo mbu aliyeuma Nyakahura anaweza kuonekana kazi yake Tukuyu, mahali ambapo muuguzi akiona mtoto ana homa na baridi hii ya Rungwe atafikiria kwanza kifua. Mtoto akipata homa ndani ya mwezi wa kwanza baada ya kufika, sema neno moja mapokezi kabla hujaulizwa: tumetoka Kagera. Kisha omba kipimo cha malaria, matokeo yanatoka kwa dakika kama ishirini.